Njooni Mkague kwa Masikio

Barua ya wazi kwa Maafisa Elimu na Wathibiti Ubora wa Shule wa mikoa ya Mbeya na Iringa

Waheshimiwa,

Kamwene kwa mlioko Iringa, na mugonile kwa mlioko Mbeya. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mufindi, na huu ni mwaka wa kumi na tisa naishi Mbeya. Asubuhi nafundisha Hisabati, mchana Sanaa na Michezo, na jioni mbili kwa wiki nafundisha kwaya kanisani. Barua za walimu zinazofika mezani kwenu nyingi hudai malimbikizo. Hii haidai hata senti, kwa hiyo naomba muisome mpaka mwisho.

Februari nilimpokea mtoto wa darasa la nne aliyehamia kwetu kutoka wilaya nyingine. Mtoto mchangamfu, sweta lake lina viraka vya viwiko, daftari limefunikwa kwa gazeti. Nikafungua daftari lake la Sanaa na Michezo. Ukurasa wa kwanza: maana ya muziki. Wa pili: umuhimu wa muziki, hoja tano. Wa tatu: ala za muziki, zimechorwa kwa penseli na kupakwa rangi, ngoma, zeze, marimba na filimbi. Kila ukurasa una tiki nyekundu, na mwishoni mwalimu mwenzangu kaandika "Hongera sana, 10/10". Nikamwambia, "Haya, nipigie makofi manne, la kwanza liwe zito." Akanitazama. Nikampigia mfano. Naye akapiga makofi kama watu wanavyopiga pale mgeni rasmi anapomaliza hotuba.

Simcheki mtoto huyo, na mwalimu wake simlaumu hata kidogo. Nami nilishapita hapo.

Miaka ya nyuma, katika halmashauri nisiyoitaja, wageni wa ukaguzi walifika shuleni kwetu siku ya Jumatano. Darasa langu lilikuwa na watoto themanini na saba na tulikuwa tunaimba. Tulikuwa tumehangaika karibu muhula mzima kuzikalisha sauti tatu, na siku hiyo zilikaa kweli, mpaka nikasahau kutazama saa. Katikati ya ubeti wa pili kiranja akaja mbio: "Mwalimu, mkuu anasema mpunguze kelele, ana wageni." Tukapunguza. Saa sita wageni wakapita darasani, wakaomba madaftari ya watoto watano. Ndani wakakuta mistari michache ya sol-fa na tarehe. Kwenye taarifa nikasomewa kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa ufundishaji na ujifunzaji. Walikuwa wamekaa hatua thelathini kutoka kwenye ushahidi wenyewe, wanakunywa chai.

Wiki iliyofuata nikaanza kutoa notisi. Maana ya muziki. Umuhimu wa muziki, hoja tano. Ukaguzi uliofuata nilisifiwa mbele ya walimu wenzangu, na nilipokea sifa hizo kwa mikono miwili, maana nilikuwa nasubiri kupandishwa daraja.

Shule hufundisha kile kitakachokaguliwa, na hilo ninyi mnalijua kuliko mimi. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umelipa somo la Sanaa na Michezo nafasi yake kuanzia darasa la tatu, nami ni miongoni mwa waliofurahi. Tumetoka mbali: tumepitia Haiba na Michezo, tumepitia Stadi za Kazi, miaka ambayo kwenye shule nyingi wimbo ulikuwa wa paredi, wa mchakamchaka na wa kumpokea mgeni rasmi tu. Sasa kipindi kipo kwenye ratiba. Lakini dakika zake arobaini zinaweza kwisha zote bila mtoto kufungua kinywa, na makaratasi yote yakawa safi: azimio la kazi lipo, andalio la somo lipo, madaftari yamesahihishwa. Wimbo peke yake ndio haupo, na hakuna fomu inayouliza ulikokwenda.

Niseme mapema hoja ambayo sitaitumia kuutetea muziki. Kila semina ya sanaa ninayohudhuria hakosekani mtu wa kusema kwamba muziki huongeza akili ya hesabu. Habari hiyo ilivuma mwaka 1993, watafiti wa Marekani walipoandika katika jarida la Nature kwamba wanafunzi wa chuo waliosikiliza Mozart dakika kumi walifanya vizuri zaidi majaribio ya kufikiri kuhusu maumbo. Wanafunzi wenyewe walikuwa 36, na faida yenyewe ilidumu kama robo saa. Mimi nafundisha Hisabati. Mtoto akihitaji Hisabati, namfundisha Hisabati. Ukimvalisha muziki koti la kuazima ili aingie ofisini kwenu, umeshakiri kwamba hana nguo zake.

Wala sitawaahidi mastaa. Najua Rayvanny ni kijana wa Mbeya, na mwaka 2017 alirudi kutoka Marekani na tuzo ya BET. Najua Mbeya Mjini ilimpeleka bungeni Sugu, mtu aliyepata jina kwa kurapu, akakaa huko kuanzia 2010 hadi 2020. Mzazi wa Mbeya akiniambia muziki ni uhuni, namtajia majina hayo mawili na tunacheka wote. Lakini katika watoto themanini na saba, akitoka staa mmoja ni bahati, na bahati haihitaji mwalimu. Mimi nawawaza wale themanini na sita. Hao watalima viazi, watafungua maduka ya vipuri, watakuwa manesi, wataendesha bodaboda, watakuwa walimu kama mimi.

Ninachokitaka kwao ni kidogo, ila kigumu. Nataka kila mtoto akimaliza darasa la sita aweze kushika sauti ya pili.

Aliyeimba kwaya ananielewa. Sauti ya kwanza ndiyo yenye wimbo, na wimbo una nguvu ya mto: ukisimama karibu, unachukuliwa. Sauti ya pili inatembea chini yake, hatua chache tu, wakati mwingine inasimama mahali pamoja huku wimbo unapanda. Watoto wote wanataka ya kwanza. Ukimweka mtoto kwenye ya pili, mstari wa kwanza atakuwa nawe, wa pili ameanza kuyumba, wa tatu yuko na wenzake juu huko, na mwenyewe hajui alivukaje.

Nilikuwa na mvulana mmoja aliyepata dawa yake. Aliziba masikio. Vidole viwili ndani kabisa, macho amefumba, anaimba sauti ya pili bila kosa hata moja. Nikamsogelea.

"Toa vidole."

"Nikitoa nitapotea, mwalimu."

"Potea. Ukipotea, tunarudi kwenye mi."

Alitoa, akapotea. Tukarudi kwenye mi. Hiyo ilikuwa Juni, baridi ya Mbeya ile ambayo watoto wanaimba moshi unawatoka mdomoni. Julai alikuwa bado na kidole kimoja. Baada ya likizo, siku moja Septemba, nikaona mikono yake yote iko chini, ameibana mapajani. Aliimba huku amenikodolea macho kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe hadi jiwe. Tulipofika mwisho akageuka kumtazama binti aliyekuwa pembeni yake anaimba ya kwanza, akasema kwa mshangao, si kwangu, kwa yule binti: "Kumbe zinakwenda pamoja!"

Mwaka mzima alikuwa ameimba sauti yake sawasawa na hakuwahi kuimba nasi. Nimefundisha Hisabati kwa muda wote huu na sijapata kipindi kinachonipa kitu hicho. Nendeni kwenye mkutano wa kijiji wowote, au hata kikao cha walimu, mhesabu walioziba masikio.

Mtauliza vifaa. Kengele ya shule yetu ni rimu ya lori, imetundikwa kwenye mkaratusi na hupigwa kwa nondo. Siku moja niliipima kwa kinanda cha kanisani. Haiko la, haiko la flati, iko katikati yake na imekasirika. Ila haibadiliki, masika na kiangazi, na kwa darasa langu hicho ndicho kipimo: kengele ikilia, watoto wanaipokea kwa mvumo, na kutoka hapo tunaitafuta do yetu. Ngazi yote naionyesha kwa mkono. Ngumi ni do, kiganja kilicholala ni mi, kidole kinachoelekeza juu ni ti inayotaka kwenda nyumbani. Gharama yake ni mkono mmoja, na mwalimu anao tayari.

Ishara hizo zina historia inayostahili kujulikana, kwa sababu inatuhusu. Katika karne ya 19 mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, alibuni njia ya kuwafundisha watoto kuimba kwa herufi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1835. Mchungaji John Curwen akaichukua, akaitengeneza, akaieneza, na wamisionari wakaipakia melini pamoja na Biblia na kwinini. Ndiyo hii sol-fa ambayo walimu wa kwaya wa Tukuyu na Kilolo wanaiandika mpaka leo kwenye karatasi za kuviringisha, d r m f s l t, na wengi wanadhani ilizaliwa kanisani kwao. Kule Hungaria, Zoltán Kodály akaichukua hiyo hiyo na ishara zake za mkono, ila alifanya jambo moja la ziada. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, yeye na mwenzake Béla Bartók walikuwa wamepita vijijini wanakusanya nyimbo za wakulima. Akasema mtoto aanze na hizo, nyimbo za kwao, zikiwa ndiyo lugha mama ya muziki, kisha ndipo aende kwa za wengine. Nchi yao ikawa mfano wa kufundisha uimbaji shuleni. Nusu ya kwanza ya njia hiyo, yaani sol-fa, sisi tunayo na imekaa kwetu miaka zaidi ya mia. Nusu ya pili tumeiacha ipotee huku tukiitazama.

Nianze na nusu tuliyo nayo. Mimi nimejifunza noti kwa baba mdogo, mkulima wa mahindi na mwalimu wa kwaya ya Kilutheri kwetu Mufindi. Aliandika sauti nne nyuma ya kalenda za mwaka uliopita, kwa makaa, akazibandika ukutani kwa ugali. Taa ilikuwa karabai moja. Hakuwa na cheti chochote. Lakini alikuwa anasikia: mtu wa besi akiteleza nusu hatua kwenye safu ya nyuma, yeye anamwelekezea kidole bila kugeuza kichwa. Watu wa namna hiyo wamejaa mikoa yetu. Wamoravian wamekuwapo Rungwe tangu 1891, na mtu aliyewahi kusimama nao makaburini alfajiri ya Pasaka, ukungu umelala juu ya migomba na tarumbeta zinaanza kabla jua halijachomoza, haniulizi tena kama watu wa milimani wana muziki. Wakatoliki wana watunzi parokia kwa parokia. Na padre wa kusini mwetu, Stephen Mbunga, aliandika kitabu kizima mwaka 1963 kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, wakati ambapo wengi waliona ngoma ni kitu cha kuachwa nje ya mlango.

Kwa hiyo nikisikia kwamba Sanaa na Michezo haina walimu, nasema walimu wapo, ila wamo kwenye kwaya. Vyuo vinavyofahamika kwa kufundisha muziki viko mbali na sisi: Butimba iko Mwanza, TaSUBa iko Bagamoyo, Makumira iko Arusha, chuo cha muziki cha nchi za majahazi kiko Unguja. Mwalimu wa Kilolo au Mbarali hawezi kuvisubiri vyote hivyo. Anaweza kumfuata mwalimu wa kwaya anayekaa nyuma ya shule.

Hapa nina tahadhari, na naisema kama Mlutheri wa kuzaliwa. Shule isigeuke kanisa. Darasani kwangu nina watoto wanaotoka madrasa, na hao kwa kusikia mara nyingi wananipita: mtoto aliyezoea kufuata kaswida na dufu anashika mapigo kabla sijamaliza kueleza. Mwalimu wa kwaya akija shuleni, aje na masikio yake na mikono yake, kitabu cha nyimbo za ibada akiache nyumbani. Na mwalimu wa madrasa naye aitwe.

Hata hivyo ugomvi mkubwa sijaupata kwa Waislamu wala kwa Wakristo wa kwaya. Niliupata kwa mama mmoja aliyekuja shuleni asubuhi na mapema, amefunga kitenge kifuani, ananisubiri mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu, mwanangu anasema mnawapigisha ngoma."

"Ndiyo, mama. Ndogo tu, za darasani."

"Sisi tumeokoka. Ngoma ina wenyewe."

Nilimkaribisha akae. Nikamtuma mtoto alete ngoma, debe la rangi lililowambwa ngozi ya mbuzi, mkandarasi wa choo cha shule ndiye aliyetuachia debe. Nikampa aishike. Akaigeuza, akasoma maandishi ya kampuni ya rangi, akaguna. "Hii ndiyo yenyewe?" Nikamwambia ndiyo yenyewe. Alikaa nusu kipindi. Hakusema kama amekubali, lakini mtoto hakumwondoa, na kwa watu wa kwetu hilo ni jibu.

Mama yule ana haki ya kuuliza, kwa sababu hapa kwetu ngoma shuleni iliwahi kuletwa kwa nia ambayo haikuwa wazi. Mwaka 1928 serikali ya Waingereza ilifungua shule Malangali, kwetu Mufindi. Mkuu wake, W. B. Mumford, alitaka shule iote kwenye mila za wenyeji. Wazee wa makabila waliitwa wakae shuleni, wafundishe vijana desturi, historia, kurusha mkuki na kucheza ngoma. Wanafunzi walivaa mashuka kwa mtindo wa kwao badala ya kaptula. Mumford aliandika habari zake katika jarida la Africa mwaka 1930, na ukizisoma unaona mtu anayeipenda kazi yake. Jaribio lenyewe halikudumu.

Nimelifikiria sana jaribio lile kwa kuwa babu zangu wangeweza kuwa wanafunzi wake. Sehemu ya kwanza ya moyo wangu inasema: tazama, miaka karibu mia iliyopita mzee wa kabila alikuwa na kiti shuleni, na leo hana. Sehemu ya pili inauliza nani aliamua kijana avae shuka. Mzazi wa wakati ule aliyeona mtoto wake anarushishwa mkuki huku watoto wa wakubwa wanasoma Kiingereza, alikuwa na kila sababu ya kunusa njama. Ngoma iliyotolewa na mtawala ili ubaki ulipo haina ladha. Hata leo, mtoto wa kijijini akipewa ngoma ya asili na wa mjini akapewa kinanda, tumeirudia Malangali kwa jina jipya. Ninachotaka mimi ni mtoto yule yule mmoja apate vyote viwili: ngoma ya bibi yake na noti za kusomea wimbo wa nchi yoyote.

Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri, Desemba 1962, aliunda Wizara ya Utamaduni ya Taifa na Vijana, na katika hotuba yake aliwachokoza wasomi wenzake: wengi wanaweza kucheza rumba na chachacha, lakini ni wangapi wanajua gombesugu, mangala au kiduo, au hata wamewahi kusikia majina hayo? Niliuliza swali hilo hilo kwenye chumba cha walimu mwaka jana. Mmoja alidhani kiduo ni kiwanja cha mpira.

Sasa nije kwenye nusu inayopotea. Mzee mmoja upande wa Kalenga ana ligombo. Kwa ambao hawajaliona: ni ubao uliochongwa na kufukuliwa kama sinia refu, na uzi mmoja unapitishwa kwenda na kurudi juu yake mpaka unakuwa nyuzi nyingi. Wahehe na majirani zao waliliimbia habari za watu na vita. Uzi wa ligombo la mzee huyu ulikatika zamani na mahali pake ameweka waya wa breki ya baiskeli, kwa hiyo lina sauti kali kidogo, kama mtu mwenye mafua. Nilimwomba anifundishe. Akaniuliza, "Utamfundisha nani?" Nikasema watoto. Akasema, "Walete basi." Nilirudi Mbeya nikiwa na jibu hilo. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni kilomita mia tatu na ushee, na hakuna fungu la kuwapeleka watoto themanini kwa mzee mmoja.

Lakini kuna mtu aliyemfikia mzee wa namna hiyo kabla yangu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine zake za kurekodi, na Iringa alirekodi Wahehe wanaimba na ligombo. Rekodi hizo ziko katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, na leo maktaba hiyo iko Makhanda, Afrika Kusini, chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Mwaka ule ule wa 1954 ndio fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe lilirudishwa kutoka Ujerumani na kuwekwa Kalenga. Fuvu lilirudi, sauti zikabaki safarini. Ukipanda leo juu ya jiwe la Gangilonga ukauliza kijana wa Iringa aina ya muziki wa babu zake, atakutajia kwaya, na hatakuwa amekosea sana. Baadhi ya rekodi za Tracey zimetolewa upya na nimezipata. Nimezipiga darasani kwa simu na spika ndogo ya kuchaji. Watoto walicheka mwanzoni, kisha wakanyamaza, kisha mmoja wa nyuma, asili yake Kilolo, akasema, "Huyu anaongea kama bibi." Nikawaachia wakasikiliza mara tatu. Notisi sikutoa.

Naomba nini basi? Kikubwa ni kile kilichoko kwenye kichwa cha barua. Mthibiti ubora akifika shuleni siku yenye kipindi cha Sanaa, asiombe daftari kwanza. Akae kiti cha nyuma dakika tano, mwalimu aimbishe. Atajua. Huhitaji kusomea muziki kujua kama darasa linaimba au linapiga kelele, kama vile huhitaji kuwa mpishi kujua wali umeungua. Aandike alichosikia, na hicho kihesabike kuwa ushahidi. Fomu ikipata mstari huo mmoja, notisi za hoja tano zitajifia zenyewe.

Mengine ni madogo. MEWAKA ipo, walimu tunakutana vituoni kujifunza kazini. Mara moja kwa muhula mkutano huo uwe wa kuimba, mwezeshaji awe mwalimu wa kwaya au wa madrasa wa kata hiyo hiyo, apewe nauli na soda kama wawezeshaji wengine. Vyuo vya ualimu tunavyo hapa hapa, Kleruu kule Iringa, Mpuguso huku Rungwe. Wakati wa likizo madarasa yake yangeweza kutupokea wiki mbili. Mkuu wa shule asiogope kumwita mzee mwenye ligombo kwa kuwa hana namba ya utumishi.

Na kuhusu kwaya ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, nitasema kwa upole. Naipenda, nimeshawahi kwenda nayo mkoani na kurudi na kikombe. Ila tunachagua watoto ishirini wenye sauti nzuri, tunawakambisha wiki mbili, wanaimba wimbo wa kuwasifu waliokaa jukwaani, na mamia waliobaki shuleni wanaambiwa kimyakimya kwamba kuimba si kwao. Kenya wana tamasha lao la muziki la shule tangu miaka ya 1920 na hata huko malalamiko ni hayo hayo. Mashindano yawepo. Yawe matunda ya kipindi, yasikae mahali pa kipindi.

Yule mtoto wa daftari la 10/10 bado yuko nami. Sasa anapiga makofi manne na la kwanza ni zito, zito mno, tunalipunguza. Nimemweka sauti ya pili. Wiki iliyopita nimemwona anapeleka kidole sikioni, ananitazama, anakishusha.

Kipindi chetu ni Ijumaa, saa saba na nusu, baada ya uji. Karibuni wakati wowote bila kunitaarifu, mkuu wa shule nimeshamwomba asiwaandalie chai mpaka tumalize. Mnaotoka Iringa, basi la asubuhi linawafikisha. Jambo moja tu: darasa letu halina dari, na kuanzia Novemba mvua ikianza hakuna anayesikia kitu. Mkikuta tumekaa kimya tunatazama juu, ingieni, kaeni nasi. Bati likitulia, kiranja ataipiga ile rimu na tutaanza.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Sanaa na Michezo,
Mbeya